Njumu za Gobori: Mapambo ya Bunduki za Kushindilia, Pwani na Bara

Waandishi wa historia ya Afrika ya Mashariki wamezoea kuzihesabu bunduki. Huuliza zilikuja ngapi, zilinunuliwa kwa frasila ngapi za pembe, na ni mtemi gani aliyemshinda mwenziwe kwa sababu yake. Maswali hayo ni ya haki, walakini yote huitazama bunduki katika siku moja tu ya umri wake, yaani siku ile iliposhushwa forodhani. Baada ya siku hiyo bunduki ya kushindilia, ile iitwayo gobori (siku hizi zaidi gobore) na zamani korofindo pia, iliweza kuishi miaka mingi sana mikononi mwa watu ambao hawakuiunda. Ilivunjika ikafungwa, mti wake ukaliwa na mchwa, ikachongewa mwingine, ikavikwa ngozi, ikapigwa misumari ya shaba, ikatundikwa dawa ya mwindaji. Kazi hizo hazikuwa za viwanda vya Ulaya. Zilifanywa uani, barazani, au kando ya mivukuto ya mhunzi, na mara nyingi mwenyewe ndiye aliyezifanya. Atakaye kujua bunduki ilikuwa kitu gani kwa watu wa pwani na wa bara hana budi kuziangalia kazi hizo, na pamoja nazo maneno ya Kiswahili yanayozitaja.

Yafaa kuanza na majina ya bunduki zenyewe. Kiswahili kilizigawa kwa namna zilivyowashwa. Bunduki ya mrao ni ile iliyowashwa kwa utambi wa kamba uliokuwa ukiungua polepole; bunduki ya gumegume huwashwa kwa cheche za jiwe likigonga chuma; bunduki ya fataki huwashwa kwa kikombe kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Zote tatu hushindiliwa kwa mdomoni kwa kutumia mdeki. Ilipokuja bunduki ya kujazwa kwa nyuma, iliitwa bunduki ya viasi, na hapa pana jambo la kuangaliwa. Kiasi ni kipimo. Mwenye gobori aliipima baruti yake mwenyewe kila mara alipotaka kupiga; basi risasi mpya, iliyokuja imekwisha kupimwa na kufungwa pamoja na baruti yake, ilipewa jina la kile kipimo. Neno limehifadhi kazi ya mkono ambayo chombo kipya kiliiondoa. Kwa upande mwingine, tofauti ambayo watu wa Ulaya waliifanya kuwa kubwa, baina ya kasiba iliyo laini ndani na kasiba iliyokatwa mifuo ya kuizungusha risasi, haikupewa uzito huo katika majina hayo: moto ndio uliotofautisha, si mifuo. Tofauti hiyo itatokea tena hapa chini katika habari za sheria, nayo ilikuwa na matokeo makubwa.

Maneno bunduki, baruti, risasi, kasiba, na hilo kiasi, asili yake ni Kiarabu. Bunduq ni kokwa ndogo ya mviringo, kisha likawa jina la kitufe cha kurushwa, na mwishowe jina la chombo kinachokirusha. Qasaba ni tete. Risasi ni madini yenyewe kabla ya kuwa kitu cha kuulia, na fundi anayeziba sufuria kwa risasi hafikirii vita hata kidogo. Lakini mahali ambapo mkono wa mtu na bega lake huigusa bunduki, maneno hugeuka yakawa ya Kibantu: mdomo, tako, mtutu, mtambo, na kile kitendo cha kushindilia. Bunduki ina mdomo na tako, na ikipigwa hulia. Mzinga nao ni mfano mzuri, kwa kuwa neno hili ni la gogo lililotobolewa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki waingie. Kisha likapewa ile silaha kubwa iliyo wazi ndani namna ile ile. Jina hilo lilienea hata katika fedha. Sarafu ya Kihispania yenye picha ya nguzo mbili iliitwa pwani reale ya mzinga, kwa kuwa watu walizitazama nguzo zile wakaona mizinga.

Neno la kazi inayohusika hapa hasa ni njumu. Njumu ni mapambo ya madini yaliyogongewa au kutiwa katika mti, kama vile katika bakora, viti, na matako ya bunduki. Sura yake yafanana na neno la Kiarabu nujum, yaani nyota, na mwenye kulitazama tako jeusi la gobori lenye vichwa vya misumari ya shaba iliyosuguliwa hatalishangaa jambo hilo. Njumu si nakshi. Nakshi hukata na kuondoa, na fundi akikosea hawezi kuurudisha mti; njumu huongeza. Mtia njumu aweza kupiga misumari mitano mwaka huu, na mwaka ujao, akipata mingine, akaendeleza mstari wake. Kwa hiyo kazi ya nakshi huonyesha fundi mmoja na wakati mmoja, lakini njumu zaweza kuonyesha umri wote wa bunduki, na mikono yote iliyoimiliki.

Kwa watu wa pwani kielelezo cha bunduki iliyopambwa kilikuwa ile ya mrao ya Omani. Kasiba yake ilikuwa ndefu, mara nyingi imetoka Uajemi au Uturuki, na zilizo bora zilifuliwa kwa vyuma vilivyosokotwa hata mawimbi yake yakaonekana juu. Mti wake ulikuwa mwembamba, na tako lake dogo kuliko la bunduki za Ulaya. Kasiba ilishikamanishwa na mti kwa pete za fedha zilizopangwa kwa safu toka karibu na mtambo mpaka mdomoni. Pete hizo zilikuwa za lazima, kwani bila ya kitu cha kuifunga kasiba ingechopoka. Lakini idadi yake na michoro yake ilipita lazima, ikawa fahari ya mwenyewe. Fedha yake ilipatikana kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa, zile zilizoendelea kupigwa kwa mwaka wa 1780 muda mrefu baada ya malkia huyo kufa. Hivyo mtu aliyeipamba bunduki yake aliitia akiba yake ndani ya silaha yake, na siku ya dhiki angeweza kuibandua. Bunduki za mrao hazikukaa pwani tu. Richard Burton alipoondoka mrima mwaka 1857 alisindikizwa na Wabulushi wa Sultani pamoja na jemadari wao, nao walichukua bunduki za namna hiyo mpaka Ujiji, walikofika Februari 1858.

Wakati huo bunduki za mrao zilikuwa zimekwisha kuzidiwa kwa wingi na bunduki za Ulaya. Katika mapatano ya biashara ambayo Sayyid Said aliyafanya na Marekani huko Maskati tarehe 21 Septemba 1833, bunduki, baruti na risasi ndivyo vitu vilivyotengwa: katika Unguja viuziwe serikali peke yake, bali katika bandari nyingine za Sultani viuzwe kwa yeyote atakayetoa bei kubwa. Sharti hilo laonyesha kuwa mtawala alijua vema ni biashara gani iliyoweza kumpindua. Kisha majeshi ya Ulaya yakabadili silaha mara mbili katika muda wa miaka thelathini hivi, kwanza kutoka gumegume kwenda fataki, halafu kutoka bunduki za kushindilia kwenda bunduki za viasi. Na kila yalipobadili, silaha zilizoachwa zilitafutiwa soko, na soko moja likawa Afrika. Nyingi zilikuwa na mtambo uliopigwa chapa ya taji na neno TOWER, yaani ile ngome ya London iliyokuwa ghala ya silaha. Lakini chapa hiyo haikuwa ushahidi wa kutosha hata siku zile, maana mafundi wa Birmingham na wa Liège waliiga wakaipiga juu ya bunduki za biashara ambazo hazijapata kuiona ngome hiyo.

Bunduki hizo zilipofika bara zilikutana na mambo ambayo mafundi wa Ulaya hawakuyawaza: masika, mchwa, mwendo wa miezi mitatu begani mwa mpagazi, na miaka mingi bila ya kipuli kimoja kilichotoka kiwandani. Mahali dhaifu pa bunduki ya kushindilia ni shingo, pale mti unapokuwa mwembamba nyuma ya mtambo ili mkono uushike. Ikianguka, hapo ndipo inapopasuka. Dawa ya kwanza ilikuwa ngozi mbichi. Mwenye bunduki huchukua kipande cha ngozi ya mnyama kilichoroweshwa, akakizungusha shingoni, akakishona kwa kukivuta sana, kisha akaiacha bunduki kivulini. Ngozi ikikauka hujikaza ikaubana ufa kwa nguvu ambayo gundi haina. Dawa ya pili ilikuwa waya. Misafara ilichukua masango, yaani waya nene za shaba, kuwa bidhaa na sarafu; mhunzi wa bara aliweza kuzivuta zikawa nyembamba na kuzizungusha juu ya mti, mzunguko juu ya mzunguko. Mti ukioza kabisa, mwenye bunduki alichonga mwingine wa mti wa porini kama mninga, ambao huchongeka vizuri na haupindi ovyo ukikauka. Hapo sura yote ya bunduki hubadilika. Kasiba na mtambo ni vile vile vya Birmingham, lakini tako sasa limefuata bega na shavu la mtu mmoja, na mkono wa kuchonga ni ule ule uliozoea kuchonga vinu na vigoda.

Ni vigumu kusema ukarabati unaishia wapi na pambo linaanzia wapi, na pengine swali lenyewe si sawa. Waya iliyofungwa kwa ajili ya ufa wa vidole viwili hukutwa imeendelea kufungwa kwa urefu wa shibiri, na mizunguko yake imepangwa kwa usawa ambao ufa haukuutaka. Ngozi ikiwa ya mnyama mwenye madoa, au imeachwa na manyoya yake, yadhihirika kuwa mtu alichagua. Misumari ya shaba yenye vichwa vya mviringo ililetwa na wafanya biashara, na Ulaya ilikuwa ya kupigia vitambaa vya viti; kwenye gobori haishiki chochote. Imepigwa ili ionekane tu.

Watu waliofika mbali zaidi katika kazi hii ni Wachokwe, ambao nchi yao ipo Angola na kusini ya Kongo. Wahunzi wao walisifika kwa kutengeneza mitambo na kuchonga miti mipya ya bunduki. Bunduki waliyoipenda iliitwa lazarina, kwa jina la Lazaro Lazarino, fundi wa Kireno wa mji wa Braga. Lakini zilizouzwa Afrika katika karne ya kumi na tisa zilitoka Liège, zimeandikwa jina la Mreno yule kwa sababu wanunuzi wa Afrika waliitaka sura ile, kasiba ndefu na nyembamba, wala hawakukubali nyingine. Kwa hiyo hata kiwanda cha Ulaya kililazimika kufuata maagizo ya mwindaji wa Kichokwe. Naye akiipata hakuiacha kama ilivyo. Aliipiga njumu za shaba juu ya tako, na misumari ile ile hukutwa juu ya viti vya enzi vya machifu wao. Jambo hili la viti lastahili uzito, kwa kuwa laonyesha kwamba gobori liliwekwa katika jamii ya vitu vya heshima, si katika jamii ya majembe. Chibinda Ilunga, mwana wa mfalme wa Kiluba aliyekuwa mwindaji na ambaye masimulizi humfanya kuwa mzazi wa ufalme wa Walunda, aliishi kabla ya bunduki kufika huko; lakini wachongaji wa Kichokwe wa karne ya kumi na tisa walimchonga, katika baadhi ya sanamu zake, ameshika bunduki ya gumegume. Hawakuwa wajinga wa tarehe. Mwindaji mkuu hakuweza tena kufikiriwa mikono mitupu.

Upande wa mashariki wa nchi hiyo habari za Kichokwe hukutana na habari za Unyamwezi. Msiri, ambaye asili yake ni Usumbwa, alijenga ufalme wake Katanga, mji wake ukawa Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke, jina linalohusishwa na chama cha wawindaji wa ndovu cha Kinyamwezi. Bunduki zilimfikia kwa njia mbili, kutoka pwani ya Wasawahili na kutoka Benguela, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na afisa wa msafara uliotumwa kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo. Wayeke walikuwa mafundi wa kuvuta waya za shaba nyekundu, na kwa kuwa madini ya risasi yalikuwa adimu na shaba ilikuwa tele, walipigia bunduki vitufe vya shaba. Kwa Kiswahili hizo ni risasi za shaba, maneno mawili yanayopingana kwa asili yake, wala hakuna msemaji anayeuona upinzani huo. Neno lilikuwa limekwisha kuyaacha madini yake.

Mwaka huo huo wa mwisho wa Msiri ulikuwa karibu na mwanzo wa amri nyingine. Mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890 yalizuia kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudi ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Lakini yaliacha mlango: bunduki za gumegume zenye kasiba isiyo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa. Hapa ndipo ile tofauti ambayo majina ya Kiswahili hayakuijali ilipokuwa sheria. Mataifa ya Ulaya yalijiwekea bunduki za viasi na kumwachia Mwafrika ile ya babu zao. Wageni waliosafiri baadaye waliona magobori wakaandika kwamba watu hawa wanashikilia mambo ya kale, na wengine wameendelea kuandika hivyo. Si kweli, au si kweli yote. Tippu Tip, Mirambo na Msiri kila mmoja alitafuta silaha bora kwa kadiri alivyoweza. Gobori lilidumu kwa sehemu kubwa kwa sababu milango mingine ilifungwa, na lilipambwa kwa bidii kwa sababu hiyo hiyo: mtu asiyeweza kupata nyingine huitunza aliyo nayo.

Haifai uzuri wa kazi hii uwafiche wasomaji matumizi yake. Tako lenye njumu lililindia minyororo kama lilivyolindia mashamba, na bunduki nyingi kati ya hizo zilinunuliwa kwa watu. Katika habari za maisha yake, zilizochapishwa kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959, Hamed bin Muhammed el Murjebi aeleza kwamba jina lake la Tippu Tip alipewa na watu waliopigwa, kwa kuiga mlio wa bunduki zake. Wenye bunduki waliipa mdomo na tako. Wale iliowaelekea waliijua kwa sauti tu. Ushahidi wa njumu ni ushahidi wa upande mmoja, na mtafiti asiyelikumbuka hilo ataandika sifa badala ya historia.

Lakini hata ushahidi huo wa upande mmoja haujatumiwa sawasawa. Gobori likiingia katika nyumba ya makumbusho, mara nyingi huandikwa kwa chapa ya mtambo wake: bunduki ya Kiingereza, au ya Kibeljiji, ya mwaka fulani. Hivyo kitu kilichotumika miaka hamsini katika nchi ya miombo hupewa utaifa wa mwezi mmoja wa kuundwa kwake, tena kwa chapa ambayo pengine ni ya kuiga. Mwenye subira aweza kusoma zaidi. Ikiwa waya imepita juu ya vichwa vya misumari, basi misumari ilitangulia na mti ulipasuka baadaye. Ikiwa misumari imeikwepa ngozi, ngozi ilikuwepo kwanza. Matundu matupu yaliyojaa uchafu huonyesha njumu zilizoanguka zamani, na matundu meupe zile zilizong'olewa juzi, labda na mwuzaji. Kifa, mahali pa kupokelea moto, hueleza kama bunduki ya gumegume iligeuzwa kuwa ya fataki, na ufuaji wake hueleza kama kazi ilifanywa kwa mashine au kwa nyundo. Palipochakaa mti kwa jasho la mkono pana habari pia: kama uchakavu umekata katikati ya safu ya njumu, mwenye bunduki aliendelea kuibeba baada ya kuipamba, wala hakuiweka ukutani. Na ikiwa tundu la kamba lipo lakini pembe ndogo ya dawa haipo, yamkini ilifunguliwa kabla ya bunduki kuuzwa, kwa kuwa bunduki huuzwa lakini uwindaji wa mtu hauuzwi pamoja nayo.

Kazi hiyo haina muda mrefu wa kungojea. Wahunzi wa vijijini wameendelea kuunda magobore, siku hizi kwa mabomba na vyuma vya magari chakavu, na miti yake huchongwa nyumbani kama zamani. Lakini sheria huyahesabu, pasipo kibali, kuwa silaha haramu, kwa sababu ambazo aliyevamiwa nayo hahitaji kuelezwa. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo inazitaka nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuzikusanya na kuziharibu silaha za namna hiyo, na katika moto wa kuziharibu mti ndio unaotangulia kuungua, kasiba hubaki. Itifaki hiyo hiyo yataka kila silaha ipigwe, siku ya kuundwa kwake, alama ya mwundaji, nchi na namba. Gobore la mhunzi halina namba. Alama zake ni zile alizozipiga mwenyewe juu ya tako, naye hakuzipiga siku moja.